Usalama wa Mtoto Mtandaoni Huanzia Katika Simu ya Mzazi

Na Mwandishi Wetu

Mitandao ya kijamii inayotumika zaidi nchini, ikiwemo Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp, imeweka katika masharti yake kwamba mtumiaji asiwe na umri wa chini ya miaka 13. Kwa masharti hayo, sehemu kubwa ya wanafunzi wa shule za msingi hawaruhusiwi kufungua akaunti. Hata hivyo, watoto wa umri huo wapo mtandaoni kila siku: wanatazama katuni, wanacheza michezo ya simu, wanasikiliza nyimbo na kuiga mitindo ya kucheza inayovuma. Wengi wao hawakufungua akaunti yoyote. Wameingia kupitia akaunti ya mama, baba, kaka, shangazi au dada wa kazi.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zinaonesha kuwa idadi ya laini zinazotumia huduma ya intaneti nchini ilikuwa imevuka milioni 40 mwaka 2024. Hesabu hiyo ni ya laini, si ya watu. Mtoto wa darasa la pili anayeangalia video katika simu ya mama yake wakati chakula cha jioni kikipikwa hayumo katika hesabu hiyo, wala kampuni inayomiliki mtandao anaoutumia haina taarifa kwamba yupo.

Hapo ndipo lilipo suala ambalo kila mzazi na mlezi anapaswa kulielewa kabla ya kuzungumzia hatari nyingine. Kinga nyingi zilizowekwa kwa ajili ya watoto hufanya kazi pale tu mfumo unapojua kuwa anayetumia ni mtoto. Mtoto anayetumia simu ya mtu mzima huwa nje ya kinga hizo. Ulinzi wake hubaki mikononi mwa mwenye simu: namna alivyoipanga simu hiyo, anavyoitumia yeye mwenyewe na anavyompokea mtoto anapokuja kueleza jambo lililomtisha.

Mtandao humwona mtu mzima

Simu haimtambui aliyeishika. Inatambua akaunti iliyofunguliwa ndani yake. Mzazi aliyejaza kuwa amezaliwa mwaka 1988 ataletewa maudhui na matangazo ya mtu wa umri wake, yakiwemo ya michezo ya kubahatisha, mikopo ya mtandaoni na mahusiano ya kimapenzi. Simu hiyo ikihamia mikononi mwa mtoto wa miaka minane, matangazo hayo hayabadiliki.

Aidha, mitandao ya video hupendekeza cha kutazama kwa kufuata kumbukumbu ya yaliyokwisha kutazamwa. Kama usiku wa jana mwenye simu alifuatilia video za ajali, ugomvi au vichekesho vya watu wazima, asubuhi mtoto atakutana na mapendekezo ya aina hiyo hiyo. Video moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe, na mtoto aliyeanza na katuni ya herufi anaweza kufika mbali bila kubonyeza chochote. Tangu mwaka 2017 imejulikana pia kwamba wapo watu wanaotengeneza video zenye wahusika wa katuni wanaopendwa na watoto lakini zikiwa na vitendo vya kikatili au vya aibu ndani yake. Kwa hiyo mzazi anayesikia tu sauti ya katuni kutoka chumba cha pili bado hajajua mtoto anaona nini.

Lipo lango jingine lisilohitaji hata intaneti kuwa hewani. Katika simu nyingi, WhatsApp hupakua picha na video zinazotumwa katika makundi sogozi na kuzihifadhi pamoja na picha za familia. Mtu mzima akiwa katika kundi la kazini, la mtaani au la waliosoma pamoja, kila kilichotumwa humo, ikiwemo mizaha isiyofaa na picha za maiti wa ajali, kinaweza kuwa kimehifadhiwa humo humo anamofungua mtoto kuangalia picha za harusi ya mjomba. Mtoto hakutafuta uovu wowote, ameukuta nyumbani.

Hatari kuu nne

Hatari zinazomkabili mtoto wa shule ya msingi mtandaoni zinaweza kugawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza ni maudhui yasiyolingana na umri wake, kama ilivyoelezwa hapo juu.

La pili ni mtu mwenye nia mbaya. Mtu huyu kwa kawaida haanzi na vitisho. Huanza na sifa: mtoto anaambiwa ni mzuri, anajua kucheza, ana akili kuliko wenzake. Hufuata zawadi ndogo, kama vocha, bando au vifaa vya kutumia ndani ya mchezo wa simu. Kisha huja siri: “Usimwambie mama, hataelewa.” Baada ya siri huja ombi la picha, kwanza ya kawaida, halafu isiyofaa. Mtoto akishatuma, lugha hubadilika na kuwa ya vitisho: atume nyingine au ya kwanza isambazwe, aje mahali fulani au baba yake aoneshwe. Hatua muhimu kuliko zote katika mlolongo huu ni ile ya siri, kwa kuwa ndiyo inayomtenga mtoto na watu wanaoweza kumwokoa.

Utafiti uliofanywa na ofisi ya utafiti ya UNICEF, Innocenti, kwa kushirikiana na ECPAT na INTERPOL, ambao ripoti yake kuhusu Tanzania ilitolewa mwaka 2022, ulibaini kuwa asilimia 4 ya watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kwa njia ya mtandao ndani ya mwaka mmoja. Kwa makadirio, hao ni watoto wapatao 200,000. Umri huo unaanzia pale ambapo watoto wengi wapo katika madarasa ya mwisho ya shule ya msingi. Utafiti huo ulionesha pia mambo mawili yanayopaswa kubadili fikra za wengi: mkosaji mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari, na ni watoto wachache sana wanaofikisha taarifa polisi au katika huduma ya simu kwa mtoto. Kumwonya mtoto dhidi ya “watu asiowajua” pekee, kwa hiyo, hakutoshi.

La tatu ni watoto kuoneana wao kwa wao. Mwanafunzi anapigwa picha akiwa amechafuka au akilia, picha inawekewa maneno ya dhihaka na kuzungushwa kupitia simu za kaka na dada. Zamani mzaha wa uwanjani uliishia kengele ilipogongwa. Leo unamfuata mtoto hadi nyumbani, na kesho yake anagoma kwenda shule bila kusema sababu.

La nne ni utapeli. Mtoto anayejua namba ya siri ya huduma ya fedha kwa sababu amekuwa akitumwa kutuma na kutoa pesa, au anayepokea simu wakati mzazi yupo bafuni, ni rahisi kumsomea tapeli namba ya uthibitisho iliyoingia kwa ujumbe mfupi. Wengine hubonyeza kiungo kinachoahidi bando la bure au zawadi za michezo na kuiweka simu nzima hatarini, pamoja na akiba ya familia.

Picha tunazotuma sisi wenyewe

Sehemu kubwa ya taarifa za watoto zilizopo mtandaoni haikuwekwa na watoto. Imewekwa na wazazi, ndugu na hata shule. Mahafali ya darasa la awali, siku ya kwanza ya darasa la kwanza, matokeo ya mtihani, sherehe ya kipaimara au ya kuhitimu madrasa: yote ni mambo ya furaha, na hakuna anayemzuia mzazi kufurahia mwanawe. Lakini picha moja ya mtoto akiwa amevaa sare yenye nembo ya shule, iliyoandikwa jina lake kamili, darasa lake na pongezi za kutimiza miaka saba, inampa mtu mwenye nia mbaya karibu kila anachohitaji. Anaweza kumsubiri mtoto njiani, kumwita kwa jina na kujitambulisha kuwa ametumwa na mama yake.

Hatari nyingine imekuja na teknolojia ya akili unde. Picha ya kawaida kabisa ya mtoto sasa inaweza kubadilishwa na kuwa picha ya udhalilishaji bila mtoto huyo kufanya lolote. Picha ikishatoka nje ya simu, aliyeituma hana tena uwezo wa kuirudisha.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, taarifa zinazohusu watoto zimewekwa katika kundi la taarifa binafsi nyeti. Shule, kituo cha malezi au taasisi inayokusanya na kutumia picha na taarifa za wanafunzi inapaswa kufahamu kwamba inashika kitu ambacho sheria imekipa uzito wa pekee. Mzazi ana haki ya kuuliza picha za mwanawe zinatumika wapi, na anapoona taarifa hizo zimetumiwa kinyume na sheria anaweza kuwasilisha malalamiko katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kabla ya kutuma picha ya mtoto, ni vyema mzazi ajiulize maswali matatu: Je, inaonesha anasoma wapi au anaishi wapi? Je, amevaa mavazi ya kumstahi? Je, akiwa na miaka 20 ataiona picha hii bila kuona haya? Jibu likitia shaka, picha ibaki nyumbani.

Namna ya kuipanga simu inayoshikwa na mtoto

Hatua zifuatazo hazihitaji fedha wala utaalamu mkubwa. Mzazi asiyezimudu anaweza kumwomba kijana anayemwamini katika familia amsaidie, na zikishafanyika mara moja huendelea kufanya kazi.

Kwanza, weka namba ya siri ya kufungulia simu, tofauti na ile ya huduma ya fedha, na usimpe mtoto yoyote kati ya hizo. Simu ifunguliwe na mtu mzima kila mtoto anapoihitaji. Jambo hili dogo humjulisha mzazi lini simu imetumika na kwa muda gani.

Pili, katika mipangilio ya WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaofanyika wenyewe, na zuia picha za makundi zisihifadhiwe pamoja na picha za simu. Katika mipangilio hiyo hiyo unaweza kuamua nani aone picha yako ya utambulisho na nani awe na uwezo wa kukuingiza katika kundi. Chagua watu uliohifadhi namba zao pekee.

Tatu, katika YouTube washa kizuizi cha video zisizofaa kwa watoto, na zima uchezaji wa video unaoendelea wenyewe. Katika mtandao wa kutafutia taarifa wa Google kipo pia kichujio cha picha na maneno machafu. Vichujio hivi havikamati kila kitu, lakini hupunguza.

Nne, katika duka la programu la simu, weka sharti la nywila kabla ya kununua chochote, na weka ukomo wa umri wa programu zinazoweza kupakuliwa. Michezo mingi hutolewa bure, kisha humshawishi mtoto kununua vitu ndani yake.

Tano, tumia uwezo wa kuifungia simu katika programu moja. Simu nyingi za Android na za iPhone zinaruhusu skrini kubaki katika programu iliyochaguliwa, kiasi kwamba mtoto aliyepewa mchezo wa hesabu hawezi kutoka na kuingia katika jumbe bila namba ya siri. Baadhi ya simu za Android huruhusu pia kuweka mtumiaji wa pili, asiyeona picha na mazungumzo ya mwenye simu.

Sita, iwapo mtoto ana simu au kishikwambi chake mwenyewe, fungua akaunti yenye umri wake halisi, inayosimamiwa na mzazi. Programu kama Family Link ya kampuni ya Google humwezesha mzazi kupanga muda wa matumizi na kuidhinisha kila programu mpya. Kumwongezea mtoto miaka ili akaunti ikubali ni kuziondoa kinga zote kwa mkono wako mwenyewe.

Saba, piga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ni dhamana yako, hata kama anayeitumia ni mtu mwingine.

Pamoja na mipangilio hiyo, yapo mambo ya nyumbani ambayo hakuna programu inayoweza kuyafanya. Mtoto atumie simu sebuleni au mahali watu wanapopita, asiingie nayo chumbani wala kuilalia. Mzazi akae naye mara kwa mara, atazame anachotazama na amuulize kinahusu nini. Anayebaki na watoto mchana, awe bibi, jirani au dada wa kazi, aelezwe utaratibu huo huo, kwa sababu kanuni inayofuatwa katika simu moja na kuachwa katika nyingine haimsaidii mtoto.

Adhabu inayofunga mdomo

Mipangilio yote ikishafanyika, bado ipo siku mtoto atakutana na jambo baya. Kitakachoamua ukubwa wa madhara siku hiyo ni kama ataweza kusema.

Watoto wengi hunyamaza kwa sababu wanajua kitakachofuata wakisema: watachapwa, watanyang'anywa simu au wataulizwa kwa ukali, “Wewe ulikuwa unatafuta nini huko?” Mrubuni anaijua hofu hiyo na huitumia. Vitisho vyake vingi havihitaji ukweli wowote zaidi ya huu, kwamba baba akijua atakasirika. Mzazi anayemhakikishia mtoto mapema kwamba hataadhibiwa kwa kusema anamnyang'anya mrubuni silaha yake kubwa.

Hii haimaanishi kulea bila nidhamu. Maana yake ni kutenganisha kosa la kuvunja utaratibu wa nyumbani na tendo la ujasiri la kuja kueleza. Maneno ya kumpokea mtoto yawe machache na ya utulivu: “Umefanya vizuri kuniambia. Kosa si lako. Tutalishughulikia pamoja.” Maswali ya kina yaachiwe wataalamu, kwa kuwa kumhoji mtoto mara nyingi mbele ya ndugu mbalimbali humwumiza upya na kunaweza kuharibu ushahidi.

Mazungumzo ya kinga yafuate umri. Kwa mtoto wa darasa la awali hadi la pili, inatosha kumfundisha jambo moja: akiona kitu kinachomwogopesha, aiweke simu chini na kumwita mtu mzima. Kwa mtoto wa darasa la tatu na la nne, afundishwe mambo matano yasiyotolewa kwa mtu yeyote mtandaoni, ayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja: jina kamili, shule, mahali anapoishi, picha na namba ya siri. Kwa wa darasa la tano na kuendelea, aelezwe waziwazi jinsi urubuni unavyoanza na sifa, zawadi na siri, na kwamba mtu mzima anayemwomba mtoto amfichie mzazi wake jambo ametenda kosa, hata kama ni ndugu, jirani au rafiki wa familia. Watoto wa kike na wa kiume wote wafundishwe. Wavulana nao hurubuniwa, na mara nyingi huona aibu zaidi kusema.

Wazee walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu huo sasa umo ndani ya simu, na hausubiri mtoto akue ndipo uanze kumfunza.

Dalili za kuangalia

Mtoto asiyeweza kusema huonesha kwa namna nyingine. Mzazi na mwalimu wawe makini wanapoona mtoto anageuza au kuficha simu mtu anapokaribia, anashtuka ujumbe unapoingia, anafuta mazungumzo yote, anakataa shule au kushuka ghafla kimasomo, anakosa usingizi, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, ana vocha au vitu ambavyo hawezi kueleza vimetoka wapi, au anatumia maneno ya kimapenzi yasiyolingana na umri wake. Dalili moja peke yake haithibitishi jambo, lakini ni sababu ya kutosha ya kukaa na mtoto kwa upole.

Wajibu wa shule

Shule ni mahali ambapo matokeo ya mambo ya mtandaoni huonekana mapema, hata pale simu zisiporuhusiwa. Mwalimu wa malezi na unasihi na madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto yaliyoanzishwa ndani na nje ya shule ni njia ambazo mwanafunzi anaweza kuzitumia anaposhindwa kusema nyumbani. Mikutano ya wazazi ni nafasi nzuri ya kukubaliana utaratibu wa pamoja: nani anapiga picha katika hafla za shule, zinawekwa wapi, na kundi sogozi la wazazi wa darasa linatumika kwa mambo gani. Haifai kutuma katika kundi hilo picha ya mtoto aliyekosea, orodha ya wanaodaiwa michango au habari za mtoto aliyepatwa na ukatili.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Kwa upande wa Zanzibar ipo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo makosa yake yanahusu Tanzania Bara na Zanzibar, inakataza katika kifungu cha 13 kuchapisha au kusambaza ponografia ya watoto kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na simu ni sehemu ya mfumo huo. Adhabu iliyowekwa ilipotungwa sheria hiyo ni faini isiyopungua Shilingi milioni 50 au mara tatu ya thamani ya faida iliyopatikana, kwa kuzingatia kilicho kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kushurutisha, kutisha, kusumbua au kumsababishia mtu maumivu ya kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua Shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Mwananchi azingatie jambo moja hapa. Anayepokea picha ya udhalilishaji wa mtoto na kuituma katika kundi jingine “ili kuwaonya wazazi” naye anaisambaza. Nia njema haiifuti picha hiyo katika simu za watu 200 walioipokea, na mtoto aliyemo katika picha anaumizwa upya kila inapofunguliwa.

Likitokea, fanya haya

Mzazi au mlezi anapogundua kuwa mtoto amerubuniwa, ametishwa au amedhalilishwa mtandaoni, azingatie mambo yafuatayo:

1. Mtulize mtoto na mhakikishie kuwa yupo salama na hana kosa.

2. Usifute mazungumzo, usivunje simu wala kuirudisha katika hali ya kiwandani. Jumbe hizo ndizo ushahidi. Andika pembeni namba ya simu, jina la akaunti, tarehe na saa. Picha isiyofaa ya mtoto isinakiliwe wala kutumwa kwa yeyote. Iache ilipo na upeleke simu yenyewe.

3. Usilipe fedha unazodaiwa, usijibizane na mtuhumiwa na usipange kukutana naye. Kumlipa humfanya adai zaidi, na kumshtua humpa nafasi ya kufuta kila kitu. Namba yake izuiwe baada ya taarifa kuandikwa.

4. Piga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Huduma hii ni ya bure, inapatikana Tanzania Bara na Zanzibar, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

5. Fika katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, ukiwa na simu hiyo. Unaweza pia kuanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii au ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji.

6. Iwapo mtoto amekutana na mtu huyo na kufanyiwa ukatili wa kimwili, awahishwe katika kituo cha kutolea huduma za afya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tangu tukio, na mapema zaidi ni bora zaidi. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyopo katika baadhi ya hospitali hutoa huduma za afya, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja.

7. Toa taarifa pia katika mtandao husika kwa kutumia kitufe cha kuripoti, ili akaunti ifungwe na maudhui yaondolewe. Kwa ujumbe wa utapeli, usambaze kwenda namba 15040.

Jambo la mwisho ni kutolimaliza suala hili kifamilia. Kupokea fidia, kumhamisha mtoto shule kimyakimya au kumkanya mtuhumiwa kwa sababu ni ndugu huacha mlango wazi kwa mtoto mwingine, na humfundisha aliyeumizwa kwamba alichosema hakikuwa na uzito.

Jioni ya leo, kabla ya kumkabidhi mtoto simu, mzazi anaweza kutenga dakika 15 kubadilisha mipangilio iliyotajwa hapa, kisha akamwambia mwanawe kwa maneno mepesi: “Ukiona kitu kibaya, niite. Sitakuchapa.” Hayo mawili yakifanyika, mtoto atakuwa na kinga katika simu na mtu wa kumkimbilia nyumbani.